Dola Tatu na Senti Hamsini na Mbili

Bibi Lorraine wa Yakima ameniandikia:
"Ulisema arobaini.
Mbona benki imekata arobaini na tatu na ushee?"
Saa tano usiku, Vancouver. Si ile ya Kanada,
hii ndogo ya Washington, iliyojibanza kandokando ya mto
ikiitazama Portland ng'ambo
kama jirani anayepika bila kukualika.

Nashona mifuko ya kubebea bakuli la tanuri:
kitenge nje, sufi ndani, vishikio vya mkanda wa begi.
Wenyeji huku hawaendi matangani wala kanisani
bila bakuli la viazi na jibini likifuka mvuke.
Tovuti nilitengenezewa na mpwa wangu Bisimwa,
ujira wake sahani mbili za sombe.
Nikadhani nimeingia biashara ya sindano na uzi.
Kumbe nimeajiriwa, bila barua wala mshahara,
kuwa karani wa kodi wa jimbo zima.

Kila anwani na kiwango chake.
Spokane hivi, Yakima vile,
na pana mtaa mmoja, naapa,
ambapo nyumba za namba shufwa
hulipa zaidi ya zile za witiri.
Ng'ambo ya daraja, Oregon, hakuna kitu.
Sifuri.
Duara tupu kama tundu la sindano.

Nikamjibu: Bibi, hizo tatu na hamsini na mbili si zangu.
Zinapita tu mkononi mwangu,
kama mtoto wa watu anayekatiza uani kwangu akienda shule.
Akaandika: "Basi futa.
Utume kwa dada yangu Gresham. Nitaufuata Jumapili."

Yakima hadi Gresham ni mwendo wa saa tatu.
Atachoma petroli ya dola thelathini kuokoa tatu!
Nikacheka peke yangu
hadi mwanangu Ombeni akagonga ukuta.

Halafu kicheko kikanikwama.

Cherehani hii ninayoiegemea
nilivuka nayo darajani Novemba ile ya mvua,
imefunikwa blanketi kiti cha nyuma,
imefungwa mkanda kama abiria.
Mia sita na ishirini kavu, hakuna senti juu.
Njia nzima nilipiga mluzi.
Nani angejua?

Fomu ya robo mwaka inajua.
Ina mstari wake kule chini, wa maandishi madogo:
ulivyonunua bila kodi ukavitumia humu.
Miaka miwili nauruka kama dimbwi.

Sijageuka mtakatifu usiku mmoja.
Kodi hii haitazami uso wa mtu:
kwa Lorraine na pensheni yake, tatu na nusu ni mkate na mayai;
kwa daktari wa Seattle aliyenunua mitano
ni chenji iliyoanguka chini ya kiti cha gari.
Wote wamelipa sawa, na sawa hiyo si sawa.
Hilo nalijua, na nimelisema mpaka Ombeni analiimba.

Lakini Ombeni huyo huyo, Machi, pumu ilipombana,
watu wa zimamoto walipanda ngazi zetu dakika ya sita
na hewa yao kwenye mtungi.
Hawakuomba risiti.

Nimeandika anwani ya Gresham kwenye kifurushi.
Uendako mfuko ndiko iendako kodi, ndivyo sheria isemavyo;
ukirudi Yakima kimyakimya,
hayo ni ya Lorraine na mto.

Yangu ni haya:
asilimia nane nukta nane ya mia sita na ishirini.
Nimepiga hesabu mara mbili, ya pili kwa penseli,
nikitumaini itapungua.

Nimeandika tano. Nimeandika nne.
Kielekezi kinapepesa.
Senti hamsini na sita zimekaa ncha ya kidole,
zinangoja nukta.